Kufufua injini ya gari la rimoti: Raha ya baba na binti, sumu iliyo kwenye chupa

Boksi lina vumbi na teipu iliyokauka. Ndani yake kuna gari la kuchezea lenye matairi makubwa kuliko mwili wake, rimoti, mfuko wa skrubu, na chupa ya plastiki yenye kimiminika cha rangi ya waridi kilichobaki robo. Baba anaangalia gari. Binti yake wa miaka 11 anaangalia rimoti. Mdogo wake wa miaka mitatu anaangalia chupa.

Tuseme ni familia ya Kitanzania inayoishi Leicester, Uingereza, na boksi limenunuliwa Jumapili asubuhi kwenye uwanja ambako watu huuza vitu vyao vya zamani kutoka kwenye buti za magari. Lingeweza pia kutoka kwenye gereji ya jirani huko Minneapolis, Marekani, au kuletwa Dar es Salaam na mjomba aliyekuja likizo. Gari lenyewe ni T-Maxx, lililoingia sokoni mwaka 1999 kutoka kampuni ya Traxxas ya Marekani. Watoto waliolitamani wakati ule sasa ni wazazi. Wana mshahara, na wana mtoto wa kumpa bisibisi. Ndiyo maana maboksi ya namna hii yanafunguliwa upya.

Injini haizunguki hata kidogo. Muuzaji alisema mara ya mwisho ilikuwa inawaka vizuri, maneno ambayo kila aliyewahi kununua kitu chakavu anayajua.

Kuirudisha injini hiyo ni kazi nzuri ya mzazi na mtoto. Inafundisha subira na umakini, na mtoto anaona kwa macho yake jinsi joto linavyogeuka kuwa mwendo. Lakini pia inaingiza nyumbani sumu mbili ambazo wazazi wengi hawazijui, na zote mbili zina tabia ya kumdanganya mzazi kwa saa kadhaa kwamba mtoto hana tatizo.

Injini ya nusu kijiko

Injini ya gari hili ina ujazo wa takriban sentimita za ujazo 2.5, yaani nusu kijiko cha chai. Pikipiki ya bodaboda ina 125 au 150. Hata hivyo injini hizi ndogo zinaweza kuzunguka zaidi ya mara 30,000 kwa dakika, na sauti yake ni ya nyuki aliyekasirika ndani ya debe.

Hazina plagi ya kutoa cheche kama ya pikipiki. Plagi yake ina waya mwembamba wenye platinamu, uliosokotwa kama springi. Wakati wa kuwasha, waya huo hupewa umeme wa betri moja ya volti 1.5 mpaka ung'ae mwekundu. Injini ikishawaka betri inaondolewa, na waya unaendelea kung'aa wenyewe, kwa sababu ya joto la mwako na kwa sababu methanoli inapogusana na platinamu huzalisha joto. Plagi za aina hii zilianza kuuzwa Marekani mwaka 1947, kazi ya mvumbuzi Ray Arden, na mwanzoni zilikuwa za ndege ndogo za kuchezea. Magari yalifuata baadaye.

Mafuta yake si petroli. Sehemu kubwa ni methanoli. Kisha kuna nitromethani, ambayo kwa magari mara nyingi huwa kati ya asilimia 10 na 30, na ndiyo iliyozipa injini hizi jina la nitro. Kinachobaki ni oili ya kulainisha, ya kutengenezwa kiwandani au mafuta ya nyonyo. Ndiyo, nyonyo yale yale ambayo bibi alikunywesha ukiwa mdogo tumbo likigoma. Kwenye injini yanasifiwa kwa kuvumilia joto kali.

Hayo hayo nyonyo ndiyo yaliyoikamata injini ya boksi. Yakikaa miaka bila kutumika huganda na kuwa kama gundi ya kahawia, na pistoni inanasa ndani yake. Methanoli nayo huvuta unyevu kutoka hewani, na mabaki ya nitromethani iliyoungua huacha asidi, hivyo beringi zinashika kutu. Injini iliyohifadhiwa bila kusafishwa hula chuma chake yenyewe taratibu, kwenye giza la boksi.

Usilazimishe

Kosa la kwanza la kila baba ni kuvuta ile kamba ya kuwashia kwa nguvu, kama anawasha jenereta siku umeme umekatika. La pili ni kushika kichwa cha krenki kwa plaizi. Konrodi ya injini hii ni nyembamba kuliko kalamu. Ikipinda au ikikatika, kazi imeishia hapo.

Njia sahihi ni ya polepole. Plagi inafunguliwa kwanza. Matone machache ya oili nyepesi ya kulainisha kutu yanawekwa kwenye tundu la plagi na mengine kwenye kabureta, kisha injini inaachwa mpaka kesho yake. Asubuhi inapashwa joto kwa draya ya nywele. Nyonyo lililoganda linalainika, na chuma kinatanuka kidogo. Hapo flaiwili inazungushwa kwa mkono, mbele na nyuma, milimita kwa milimita. Mara nyingi injini inaachia. Binti atakayehisi ule mzunguko wa kwanza kwenye vidole vyake hatausahau upesi.

Kazi ya mtoto wa umri huo katika hatua hii ni kubwa kuliko inavyoonekana. Apige picha kwa simu kila kipande kinapofunguliwa. Aweke skrubu za kila sehemu kwenye mfuko wake na kuandika jina juu. Baba anayejiamini kwamba atakumbuka slivu ilielekea upande gani ndiye anayebaki na skrubu mbili mkononi mwisho wa kazi.

Ikishafunguka, kuna jambo moja linaloamua kama injini inafaa kufufuliwa. Katika nyingi za injini hizi, pistoni ni ya aluminiamu na slivu ni ya aina ya shaba iliyopakwa kromu, nyembamba kidogo kwa juu. Injini ikiwa ya baridi, pistoni inatakiwa ibane inapofika juu kabisa. Ikipata joto slivu hutanuka na kubana kunaisha. Kama pistoni ya injini safi inapita juu bila kubana, imechakaa. Hapo kuna kununua pistoni na slivu mpya, kama bado zinapatikana, au kukubali kwamba injini itakuwa pambo la kabatini. Ni heri kulijua hilo kabla ya kutumia fedha kwenye beringi.

Sufuria isiyorudi jikoni

Uchafu mweusi uliogandia nje ya injini hautoki kwa sabuni. Mafundi wa mchezo huu wana mbinu yao: vipande vya chuma vinalowekwa kwenye kulanti ya rejeta ya gari ndani ya sufuria ya umeme ya kupikia polepole, kwa moto mdogo, kwa saa kadhaa. Vikitoka vinasuguliwa kwa mswaki wa zamani na vinang'aa. Mbinu hii inafanya kazi kweli. Shida ni sufuria.

Kulanti nyingi zina ethilini glikoli. Ina ladha tamu, na hapo ndipo hatari yake kwa watoto na wanyama wa nyumbani. Ini huibadilisha kuwa asidi, na mojawapo huungana na kalsiamu ya mwili na kutengeneza fuwele zinazoharibu figo. Kwa hiyo sufuria iliyotumika kwa kazi hii haitapika maharage tena, hata ikioshwa mara kumi. Inunuliwe ya mtumba, iandikwe SUMU kwa rangi isiyofutika, na ikae stoo. Kazi ifanyike nje au mahali penye hewa ya kutosha, mtu mzima akiwepo muda wote. Saa kadhaa ni muda mrefu, na mtoto wa miaka mitatu anahitaji nusu dakika tu.

Oveni nayo isiguswe. Kutoa beringi zilizoshika kutu kunahitaji kupasha joto kasha la injini ili beringi zidondoke, na vitabu vya mchezo huu husema oveni. Kasha lenye mabaki ya mafuta ya nitro halifai kuingia mahali panapookwa mkate wa familia. Mashine ya kupuliza hewa ya moto, nje ya nyumba, inatosha.

Chupa ya waridi

Sasa ile chupa. Mafuta ya nitro hutiwa rangi: waridi, nyekundu, bluu, kijani. Kwa mtoto asiyejua kusoma, hiyo ni juisi. Chupa ndogo ya kujazia tangi ni laini, ina mdomo mwembamba, na inafanana na chupa za maji za wanamichezo. Ikiachwa kwenye nyasi karibu na gari, mtoto mdogo ataipeleka mdomoni.

Methanoli yenyewe haina haraka. Mtu aliyeinywa anaweza kuonekana amelewa kidogo, au asionekane na chochote. Ini ndilo linaloigeuza, kwanza kuwa fomaldehaidi, kisha kuwa asidi ya fomiki, asidi ile ile iliyomo kwenye sumu ya baadhi ya sisimizi. Asidi hiyo huzuia seli kutumia oksijeni, na neva za macho ni kati ya za kwanza kuumia. Kuumwa kichwa na tumbo, kutapika, kuhema kwa kasi na kuona ukungu vinaweza kuanza saa 12 hadi 24 baada ya kunywa. Mtoto aliyekunywa saa kumi jioni anaweza kula chakula cha usiku, akacheza na akalala vizuri. Asubuhi haoni.

Kiasi kinachohitajika ni kidogo. Vitabu vya tiba vinataja mililita 10 za methanoli tupu, vijiko viwili vya chai, kuwa zinaweza kumpofusha mtu mzima. Kwa mtoto mdogo, funda moja ni dharura.

Afrika Mashariki inaijua methanoli, ingawa kwa mlango mwingine. Novemba 2000 jijini Nairobi, zaidi ya watu 100 walikufa na wengine wakapoteza macho kwa kunywa pombe haramu iliyochanganywa nayo. Mwaka 2014 Kenya ilizika tena makumi ya watu kwa sababu hiyo hiyo. Sumu iliyokuwa kwenye vikombe vile ndiyo iliyo kwenye chupa ya gari la kuchezea, isipokuwa huku imetiwa rangi nzuri.

Na kuna tabia mbili za nyumbani zinazofaa kutajwa wazi. Moja ni kuhamishia vimiminika kwenye chupa za soda na maji, kama inavyofanyika kwa mafuta ya taa. Nyingine ni kuvuta mafuta kwa mdomo kwa mpira, kama madereva wanavyofanya kwa petroli. Kwa mafuta ya nitro, mambo yote mawili ni ya kukataa kabisa. Kutoa mafuta kwenye tangi la gari hili kunafanywa kwa pampu ndogo ya mkono au kwa ile chupa laini, ukiibana na kuiachia ivute.

Ndege za abiria haziruhusu mafuta haya kwenye mizigo, kwa hiyo mjomba anayerudi nyumbani huleta gari bila mafuta. Hapo ndipo kinapoingia kishawishi cha kutafuta methanoli ya viwandani na kuchanganya mwenyewe uani. Nyumba yenye watoto si mahali pa kazi hiyo. Uingereza, mafuta yenye nitromethani nyingi yanahitaji leseni ya Wizara ya Mambo ya Ndani kwa mtu wa kawaida, kwa kuwa kemikali hiyo inaweza kutumika kutengenezea milipuko.

Mtoto akinywa

Mzazi asisubiri dalili. Asimtapishe mtoto. Maziwa, ambayo nyumba nyingi hukimbilia, hayazuii methanoli. Kama imeingia machoni, yaoshwe kwa maji yanayotiririka kwa dakika 15 na zaidi, kisha hospitali.

Aliyeko Uingereza apige 999 mtoto akiwa na hali mbaya, au 111 kwa ushauri wa haraka. Marekani, kituo cha sumu ni 1-800-222-1222, saa zote. Kwa aliyeko Tanzania au Kenya, ni kuondoka mara moja kwenda hospitali kubwa iliyo karibu, ikiwezekana yenye mashine ya kusafisha damu.

Chupa iende hospitali pamoja na mtoto. Sababu ya kwanza ni kwamba daktari akijua ni methanoli ana cha kufanya: kuna dawa iitwayo fomepizoli inayozuia ini kuigeuza kuwa asidi, na inafaa pia kwa sumu ya kulanti. Imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, ingawa si kila hospitali inayo. Isipokuwepo, madaktari hutumia ethanoli, ile iliyo kwenye pombe, kwa kipimo na kwa uangalizi. Hilo lisimfanye mtu yeyote ampe mtoto gongo njiani. Sukari ya mtoto mdogo hushuka upesi kwa pombe, na hiyo inakuwa dharura ya pili.

Sababu nyingine haijulikani na wengi. Nitromethani huvuruga mojawapo ya vipimo vya kawaida vya figo. Njia ya zamani ya kupima kreatinini, ambayo maabara nyingi bado zinaitumia, huisoma nitromethani kana kwamba ni kreatinini. Majibu yanaonyesha figo zimekufa wakati ni nzima. Madaktari wameshaandika juu ya wagonjwa waliokunywa mafuta ya magari haya na kupata majibu ya ajabu namna hiyo. Chupa yenye lebo yake inamwepusha mtoto na matibabu ya ugonjwa asiokuwa nao.

Siku ya kuwasha

Turudi kwa injini. Mipira ya mafuta na oringi za zamani zimekakamaa, zinabadilishwa zote bila kubishana. Ile robo chupa ya waridi ya kwenye boksi haitumiki, kwa kuwa methanoli iliyofunguliwa miaka mingi imeshavuta maji. Ipelekwe kituo cha taka za kemikali cha manispaa ikiwa kipo. Isimwagwe kwenye sinki.

Kuwasha ni nje, mbali na dirisha, kwa sababu moshi wake una kaboni monoksidi na mvuke wa methanoli. Miwani ya kukinga macho na vizibo vya masikio ni kwa wote wawili. Glovu ni za anayejaza mafuta, ambaye ni baba, kwani methanoli hupita kwenye ngozi. Ikilowesha glovu, inavuliwa na kuvaliwa nyingine. Ndoo ya maji iwe karibu. Moto wa methanoli juani karibu hauonekani; mtu huhisi joto kabla ya kuona ndimi. Maji mengi huuzima, tofauti na moto wa petroli.

Injini yenye pistoni mpya inaanza na mafuta mengi kwenye kabureta, inatoa moshi mwingi na haina nguvu. Iachwe hivyo kwa matangi kadhaa ya kwanza. Binti atalalamika kwamba gari linatambaa. Kichwa cha injini kikipimwa kwa kipimajoto cha kuelekeza, nyuzi joto 100 hadi 120 ni kawaida. Asiye nacho hudondoshea tone la maji: likichemka na kukauka kwa sekunde tatu hadi tano ni sawa, likiruka papo hapo injini inaungua. Ekzosi haiguswi kwa mkono mpaka ipoe.

Je, kila nyumba inafaa? Hapana. Nyumba isiyo na stoo yenye kufuli, na yenye mtoto chini ya miaka mitano, inafaa gari la rimoti la umeme. Betri za litiamu zina hatari zake, lakini mtoto hawezi kuzinywa. Mzazi anayeitaka nitro kwa kumbukumbu zake anaweza kuifungua, kuisafisha na kuirudisha pamoja na binti yake bila kuiwasha, na sehemu tamu ya kazi wataipata yote. Glasi ya kuonyeshea juu ya kabati haihitaji mafuta.

Wanaowasha wana kazi moja zaidi jua likizama. Tangi linamwagwa mpaka tone la mwisho, injini inawashwa tena mpaka ijizime kwa njaa, kisha matone machache ya oili yanaingia kwenye kabureta na tundu la plagi, na flaiwili inazungushwa mara kadhaa kwa mkono. Ni dakika tano. Aliyeuza boksi lile Leicester hakuzipata.

Chupa mpya, ya kiwandani, yenye kifuniko kisichofunguka kwa mtoto, inaingia kwenye sanduku la chuma lenye kufuli. Binti anaandika tarehe kwenye teipu na kuibandika. Mdogo wake amepewa rimoti bila betri, na anaendesha kitu asichokiona kuelekea jikoni.